Aliyenitangulia

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na tabia ya kutangaza mabaya dakika ya mwisho, kengele imeshalia na sisi nusu tumesimama. Ndivyo alivyotuambia habari ya hotuba. Kila msichana wa kidato cha kwanza angesimama mbele ya darasa na kuzungumza kwa dakika tano, bila karatasi mkononi, juu ya mada moja: jina langu na lilikotoka. Si jina la ubatizo, akasema, maana hayo mengi wazazi wenu waliyaokota redioni. Alitaka jina la nyumbani, lile ambalo nyanya yako anakuitia. Ukimaliza, wenzako wangekuuliza maswali nawe ungejibu papo hapo, na alama zingeingia kwenye ripoti ya mwisho wa muhula.

Nilikaa tena. Ilikuwa muhula wa pili, mwaka ule matatu zote zilipolazimishwa kuchorwa mstari wa njano, na mimi nilikuwa bado mgeni katika shule ile ya kutwa ya wasichana nyuma ya maduka ya Hurlingham. Wengi wa wenzangu walitoka kwenye maghorofa ya karibu na waliletwa kwa magari. Mimi nilitoka Kangemi, na kilichoniingiza pale ni alama zangu za darasa la nane tu. Nyumbani nilikuwa na mdomo wa kutosha watu wanne. Mama alisema ningeweza kugombana hata na redio. Shuleni sikuwa nimewahi kusema lolote mbele ya darasa zaidi ya "niko" majina yakiitwa asubuhi. Niliogopa kuchekwa kuliko kitu kingine chochote duniani.

Jirani yangu wa dawati, msichana mpole wa Kinoo ambaye wazazi wake walikuwa na nyumba za kupangisha, aliniambia nisijitese. Mada yenyewe rahisi, akasema, wewe eleza umeitwa nani, tia chumvi kidogo, ukae chini. Nikaona ni kweli. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba nilikuwa nimepewa zawadi, maana jina langu lilikuwa na kichekesho chake.

Kwetu sisi Wakikuyu mtoto habuniwi jina. Hubeba la babu au la nyanya, na akishalibeba huhesabiwa kuwa ndiye yeye. Mimi nilibeba la mama yake Mama. Dada yangu mdogo alibeba la mama yake Baba. Kwa hiyo Baba aliishi katika chumba kimoja na mama yake mzazi, aliyekuwa na miaka kumi na pengo la meno ya mbele, na mama mkwe wake, ambaye ni mimi. Naye alituheshimu kila mmoja kwa cheo chake. Baba alimwita dada yangu "maitu", yaani mama yangu, akataniana naye na kumbeba mgongoni. Mimi aliniita mama mkwe. Na kwa kuwa mtu hafanyi mzaha na mama mkwe, alinisogezea kiti, akanipa paja la kuku siku za sikukuu, na nikiingia ghafla alijifanya kuvua kofia na kutazama chini kwa adabu. Majirani wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilijiona malkia.

Hicho ndicho nilichokijua kuhusu majina, na niliamini kinatosha.

Baba alikuwa fundi wa sofa. Banda lake lilikuwa kando ya Ngong Road, mbele kidogo ya maduka ya Adams, la mabati matatu na turubai, na viti vimepangwa nje hadi karibu na lami ili wenye magari wavione. Nikitoka shule nilikuwa natembea hadi pale, namngoja afunge kazi turudi nyumbani pamoja. Nilipomweleza habari za hotuba aliichukulia kama oda ya mteja mkubwa. Alipanga fremu za viti mstari mmoja, zile ambazo hazijawekwa sponji wala kitambaa, mbao tupu na mikanda, akaniambia hao ndio darasa. Mimi nisimame ukingoni mwa barabara, niwahutubie.

"Angalia wa nyuma," aliniambia. "Wa mbele watasikia tu."

Malori yalipita nyuma yangu yakinguruma. Nikisema kwa sauti ndogo, Baba aliinua nyundo juu bila kusema neno, na maana yake ilikuwa nianze upya. Alinikataza kujikuna mguu. Alinikataza kumalizia kila sentensi kwa kicheko cha aibu. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema sana, lakini alikuwa amewasikiliza wahubiri wengi na wauza dawa za panya wengi zaidi, na alijua ni nani anayesikilizwa na watu na kwa nini. Jioni baada ya jioni sauti yangu iliongezeka. Ikafika mahali fundi wa vitanda wa banda la pili akawa anajua hotuba yangu kwa moyo, na alikuwa akicheka kabla sijafika penye kichekesho, jambo lililoniudhi sana.

Jioni moja jirani yangu wa dawati alinifuata ili naye ajaribu hotuba yake. Baba alimkalisha kwenye sofa iliyokwisha, bado ina karatasi ya nailoni, akampa soda. Tulipomaliza zamu zetu mbili alimwambia aniulize maswali, kama darasa litakavyoniuliza, na asinihurumie. Kisha akainama tena chini ya kiti alichokuwa akikipigilia mikanda. Mafundi wa sofa hujaza misumari midogo mdomoni, wakaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye vidole, nyundo haipumziki. Nilikuwa nimekua na mlio ule hata nilikuwa siusikii tena.

Rafiki yangu aliniuliza kwanza nyanya yangu alilipata wapi jina hilo. Nikajibu vizuri. Halafu alikunja uso kidogo kama mtu anayehesabu.

"Si wewe ndiye firstborn?"

Nikasema ndiyo.

"Na sista yako ndiye ako na jina ya mama ya babako. Sasa hapo sielewi. Kwetu msichana wa kwanza anaitwanga ya upande wa baba. Ya upande wa mama ni ya wa pili. Kama wewe ni wa pili, wa kwanza ako wapi?"

Aliuliza bila ubaya hata chembe. Alifurahi tu kupata swali zuri. Nikamgeukia Baba anisaidie, maana majina yalikuwa yake na sikuona ugumu wowote.

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Baba hakuniangalia. Alikuwa ameketi chini na miguu ameinyoosha, na alikuwa akitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, anaupangusa kwenye suruali, anaulaza kwenye ubao. Sikuwa nimewahi kumwona akitoa msumari mdomoni bila kuupigilia mahali. Aliitoa yote. Barabara ilijaa magari ya jioni na bado nilisikia kila msumari ulipogusa ubao.

"Hiyo swali ni ya mamako," alisema hatimaye. Kisha akaanza kuirudisha misumari kinywani.

Sikuwa nimeelewa lolote bado. Rafiki yangu alitazama Baba, akanitazama mimi, akaweka soda chini. Akasema magari ya Kinoo yatajaa, akaondoka bila kuaga sawasawa. Nilimkasirikia yeye kwanza. Nilimwita moyoni kiherehere, mtoto wa matajiri, mpelelezi. Halafu, nikiwa nimesimama mbele ya lile darasa la mbao tupu, nikaanza kuhesabu familia zote nilizozijua. Binamu zangu. Watu wa ploti. Watoto wa shemasi. Kila nyumba niliyoipitia, msichana wa kwanza alikuwa na jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama. Kila nyumba ilifuata foleni hiyo isipokuwa yetu. Nilikuwa nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote, nimelichekea, nimelila pamoja na paja la kuku, wala sikuwahi kuliona.

Tulirudi Kangemi. Tulipofika langoni mwa ploti Baba alisema anapitia kwa mwenye duka, akanipa ishara ya kidevu niende. Mama alikuwa na kibanda sokoni cha mitumba ya watoto, na siku hiyo alikuwa amerudi mapema. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, sinia ya maharagwe magotini, anachagua mawe. Dada yangu alikuwa nje anaruka kamba. Nikamuuliza Mama vilevile nilivyoulizwa: wa kwanza yuko wapi?

Vidole vyake havikuacha kuchagua. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtajia bei mteja ambaye ameshajua hatanunua. Nilizaliwa kwao Murang'a, nyumbani kwa nyanya. Aliyenizaa alikuwa dereva wa lori la majani chai, alikuja akaenda, na hakuna jamaa yake aliyekuja kwa nyanya kuuliza. Mtoto asiye na upande wa baba huwa wa nyumba ile aliyozaliwa, kwa hiyo nikapewa jina la nyumba ile. Mama alinileta Nairobi mgongoni. Baba alikutana naye Kangemi akiwa bado anajifunza ufundi, na walipooana mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea. Dada yangu alipozaliwa akachukua jina la mama yake Baba.

"Kwake yeye huyo ndiye alikuwa wa kwanza," Mama alisema.

Alisema tu, kama jambo la kawaida, na kwa kweli lilikuwa jambo la kawaida. Mimi niliketi sakafuni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza. Hilo jibu lilinishtua kuliko habari yenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka damu hunichemka. Nani huuliza kama baba yake ni baba yake?

Nikiwa nimechanganyikiwa nilishika jambo dogo lililokuwa karibu. Nikasema, nitasimamaje mbele ya wale watu? Nitaulizwa hilihili swali. Nusu ya darasa ni Wakikuyu, wanajua kuhesabu. Mama hakuinua macho wala hakufikiri.

"Sema kulikuwa na mwingine mbele yako, akapewa jina ya shosho wa upande wa babako. Akaaga akiwa mdogo. Ndio sista yako akarudishiwa hiyo jina. Watu hawaulizangi sana habari ya mtoto alikufa."

Uongo ule ulitoka umeshapigwa pasi. Nilimtazama. Nikamuuliza kama amewahi kuusema mahali. Alitikisa sinia, mawe yakaenda upande mmoja, akasema ameusema kanisani. Ameusema sokoni. Ameusema kwenye chama cha akina mama na katika kila ploti tuliyohamia, maana wanawake huhesabu. Ukiwaita watoto wako kwa majina jioni moja waje kula, ploti nzima inajua mkubwa ni wa nani. Kwa hiyo siri ambayo mimi sikuijua ilikuwa ikipigiwa kelele kila siku uani, na kwa kinywa cha Mama mwenyewe.

Nikamkumbuka mama mmoja wa kanisani ambaye kila alipokutana nami alinishika kichwa na kusema mimi ndiye niliyemfuta mama yangu machozi. Nilidhani ni maneno ya kilokole tu. Sasa nikajua ni machozi gani. Mtoto yule alikuwa amekufa kwa nimonia, Mama akaniambia, mwezi wa Julai, kwa baridi. Alikuwa na miezi minane. Alikuwa anaanza kushika vitu asimame.

Nikauliza kama Baba anajua.

"Hajui. Na usimwambie."

Baba aliingia giza lilipoanza, tukala. Jioni ile hakuniita mama mkwe, wala jina langu, wala chochote. Alinisukumia chumvi. Alimwita dada yangu maitu amletee maji, naye akaenda akirukaruka, na mimi nilimchukia mtoto wa watu bila kosa lolote. Niliangalia masikio ya Baba, pua yake, vidole vyake. Nina kidole gumba kipana sana, na tangu utoto nilikuwa nikisema ni cha ufundi, nimekirithi kwake. Nilikificha ndani ya ngumi. Katika mambo yote niliyopoteza siku ile, niliona uchungu zaidi juu ya kidole gumba.

Hotuba yangu ilikuwa imebaki siku chache, na ilibidi nijiandae upya. Banda sikwenda tena. Nilimwambia Baba nimeshaiva, naye hakubisha. Nilifanya mazoezi shuleni, nyuma ya matangi ya maji, nikiutazama ukuta. Na kilichonitisha ni jinsi nilivyokuwa hodari. Niliteremsha sauti penye kuteremsha. Nilitazama chini, nikanyamaza kidogo, nikasema, "Nilikuwa na dada." Mara ya kwanza sauti ilinikwama, mara ya pili haikukwama. Nikampa yule mtoto shali ya waridi. Nikampa kicheko. Nilikuwa nimefundishwa na Baba kusema mpaka wa nyuma wasikie, na sasa ufundi huo nilikuwa nautumia kumsema mtu ambaye hakuwahi kuwako.

Asubuhi ya siku yenyewe Baba alinisindikiza hadi steji ya matatu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alikuwa amezipiga brashi viatu vyangu bila kuombwa. Tulisimama tukingoja, na nilijua anatafuta pa kuanzia kwa sababu alikuwa akikunja na kukunjua tepu yake ya kupimia.

"Wakikuuliza, jibu vile wewe unataka," alisema. "Chenye utasema huko, mimi nitasimama nacho."

Nilitamani kumuuliza mambo mengi. Nilitamani kumwambia anachokubali kusimama nacho hakijui. Gari likaja, nikapanda.

Niliitwa wa tatu. Nilisimama mbele, nikamtafuta wa nyuma kabisa kama nilivyofunzwa, nikaanza. Na lazima niseme kweli: iliwaka. Walicheka nilipotaka wacheke. Nilipoeleza Baba akivua kofia mbele yangu, mwalimu aliegemea kabati na kufuta macho. Yeye alikuwa mtu wa Kakamega, na kwao majina mengi hutoka kwa waliokwisha kufa, kwa hiyo lilimshangaza sana wazo la kuitwa jina la mtu aliye hai, ambaye anaweza kuja mwenyewe Krismasi na kukukuta unalitumia. Kwa dakika zile tano nilisahau kila kitu. Nilikuwa na raha tupu.

Kisha mwalimu akasema, maswali.

Mkono ulioinuka ulikuwa wa msichana mrefu wa Uthiru aliyeketi karibu na dirisha. Nilimwona jirani yangu wa dawati akilaza kichwa juu ya mikono yake.

"Umesema mdogo wako ndiye ana jina la mama ya babako," akasema yule mrefu. "Na wewe ndiye mkubwa. Kwa hivyo kuna mwingine alikuja kabla yako?"

Niliteremsha macho, nikanyamaza kwa muda uleule niliojizoeza. Darasa lilikuwa limeshatulia. Niliona huruma ikipita kwenye nyuso kabla sijatamka neno, na nikajua kwamba uongo wangu utapita bila hata kugusa ukuta. Yule msichana mrefu naye aliona uso wangu, akajuta kuuliza, na kwa wema wake akataka kunimalizia ili nisiteseke.

"Ama msichana wa kwanza wa babako alikufa?"

Sikuwa nimelisikia likisemwa hivyo. Katika mazoezi yangu yote nilisema dada yangu, dada yangu aliyenitangulia, wangu na wa Mama. Msichana wa kwanza wa Baba sikuwa nimemsema hata mara moja. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu, mzima, viatu vinang'aa, na nilikuwa natakiwa nitikise kichwa tu.

"Hapana," nikasema. "Hajafa."

Mwalimu, ambaye alidhani ananisaidia, akaniuliza kwa upole yuko wapi basi.

"Ni mimi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, ile ya kushindana na malori. Msichana wa Uthiru alisema, sasa akinong'ona, kwamba basi majina hayafuatani. Nikamwambia hayafuatani kwa sababu Baba alinikuta nimeshapewa jina. Alinikuta natembea. Akanichukua na jina langu vilevile, akalitania kila siku ili nisilisikie lilivyo. Hilo la mwisho nililijua nikiwa nalisema, wala sikuwa nalo dakika moja kabla.

Midomo ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimeshtuka kuliko wote. Mwalimu alitazama kalamu yake, akauliza kama kuna swali lingine, hakukuwa, akaniambia nikae. Jirani yangu wa dawati alinisogezea kitambaa. Nilikuwa silii, nikamrudishia. Wakati wa mapumziko msichana mmoja wa maghorofani ambaye hakuwahi kunisalimia aliniwekea nusu ya keki yake mkononi na kwenda zake, na mpaka tunamaliza kidato cha nne hatukuwahi kulizungumza.

Nilijua lazima nimwambie Mama kabla habari haijamfikia. Uthiru na Kangemi ni pua na mdomo, na wasichana wana mama, na mama wana makanisa. Jioni Baba aliuliza hotuba ilikwendaje. Dada yangu alikuwa kwa jirani akitazama televisheni. Mama alikuwa anasonga ugali, Baba ameshaanza kula mboga kwa kijiko akingoja. Nikasema nilipigiwa makofi. Nikasema niliulizwa lile swali. Halafu nikamtazama Mama na kusema sikuweza kumtaja yule aliyekufa.

Mwiko ulisimama.

Baba aliuliza nani amekufa. Alituangalia mmoja baada ya mwingine akidhani ni mtu wa ploti. Mama aliipua sufuria, akafuta mikono kwenye leso, na alimwambia yeye mwenyewe, yote, akiwa amesimama. Kanisa, soko, chama. Nimonia, mwezi wa Julai. Kwamba alikuwa na jina la mama yake Baba. Sijawahi kumwona Baba na uso ule, si siku za kukosa kazi wala siku banda lilipobomolewa na askari wa jiji. Kijiko kilikuwa katikati ya sahani na mdomo. Nilijikunyata, nikingoja dhoruba, maana watu wasiokasirika hovyo ndio wa kuogopwa.

Haikuja dhoruba. Mama ndiye aliyeanza kulia. Nilidhani analia kwa kuumbuka, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wenyewe. Lakini nilikuwa nimeona vilio vya msibani, na hiki kilikuwa hicho hicho, cha chini tumboni, mabega yanaruka.

"Nilikuwa nimemzoea," alisema.

Siku zote zile nilikuwa nimemwona Mama kama mtu aliyenificha nyuma ya kaburi la uongo, na nilikuwa na hasira naye isiyo na mwisho. Sikuwa nimewaza kwamba mtu akimsimulia mtoto miaka na miaka, akampa ugonjwa na mwezi na siku ya kuanza kusimama, huishia kumbeba. Msichana aliyezaliwa ndani ya ndoa. Msichana aliyepokewa kwa vigelegele, akapelekwa kwa wakwe bila kufunikwa uso, ambaye hakuna mwanamke yeyote wa ploti aliyewahi kumhesabu kwa vidole. Alikuwa mimi, vile Mama alivyotaka nizaliwe, na nilikuwa nimemwondoa mbele ya watu asubuhi ile bila hata kumuuliza.

Baba aliweka kijiko chini. Alinawa mikono polepole kwenye beseni ingawa haikuwa na kitu. Kisha alimshika Mama begani.

"Basi sasa mwache apumzike," alimwambia. "Mpakulie huyu wa kwanza, hajakula."

Mama alijifuta uso na leso, akachukua sahani.